Gunia Lisilo na Mwenyewe Katikati ya Nakuru

Jua limeshapita paa la stesheni ya reli, na Nasimiyu Khaemba ameinama anatandika magunia matupu kwenye sakafu ya mawe. Kila gunia analikung'uta huku amegeuza uso pembeni ili vumbi la unga lipite, kisha analilaza chini na kulinyoosha kwa kisigino. Anakohoa. Anachukua jingine.

Siku hizi hatandiki kwa mstari ulionyooka kama zamani. Katika nafasi za mawe hayo vimepigwa vigingi vyeupe vyenye vitambaa vyekundu, na kila anapokaribia kigingi anakizunguka kwa mbali, kama mtu anayempisha ng'ombe mkali.

"Mimi hata kivuli chake sikanyagi," anasema.

Wenzake walioketi ukutani na sindano mikononi wanacheka. Akoth, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, anamwambia asiogope, vigingi havijaanza kuuma watu. Nasimiyu anamjibu bila kuinua kichwa kwamba yeye vimeshamuuma.

Nasimiyu, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Khisa kwa jina la mwanawe wa kwanza, ni mshona magunia. Yeye na wenzake hupokea magunia yaliyotumika, huyatoa wadudu juani, huziba matundu kwa uzi wa katani, na kuyarudisha kwa wenye maduka ili yakabebe tena ngano, mahindi au makaa. Mkulima anayepakia mazao yake stesheni huenda hajawahi kufikiri kwamba gunia lake limepita mikononi mwa mwanamke. Lakini akiligeuza ndani nje, ataona mishono.

Kazi hiyo hufanyika hapa, kwenye kipande cha ardhi kilicho kati ya stesheni na maduka makubwa. Zamani palikuwa na ghala la sufu ya kondoo. Ghala liliungua kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kilichobaki ni ukuta mmoja mrefu na sakafu ya mawe ya kuchonga. Nyasi zimeota kwenye nafasi za mawe. Mbuzi hupita, wapita njia hufupisha safari, na siku za mnada magari ya wakulima huegeshwa ovyo upande wa barabara.

Kwa mtu anayepita, mahali hapa hapana kazi. Kwa Nasimiyu, mawe haya ndiyo jiko lake. Yakishika moto wa jua, fukusi waliojificha kwenye mishono ya gunia hutoka wenyewe na kukimbia. Mwaka jana washonaji walijaribu kufanya kazi ng'ambo ya mji, karibu na machinjio, ambako ardhi ni udongo mtupu. Wadudu hawakutoka. Unyevu ulipanda usiku, na magunia yakaanza kunuka ukungu. Bwana Velji, mwenye duka anayewapa kazi nyingi, aliyarudisha yote.

Sasa mji umeamua kwamba uwanja huu umelala vya kutosha. Wakubwa wa mji wametangaza kwamba utajengwa, na kabla hawajaamua kitu gani kijengwe, wanataka kusikia mawazo ya watu.

Mawazo si haba. Wakulima wa Kizungu wanataka mahali pa kuegeshea magari. Wenye maduka wa Kihindi wanataka jengo la ghorofa, chini maduka na juu nyumba za kupanga. Wapo kina mama wa upande wa Milimani wanaotaka bustani ya maua yenye mabenchi. Makarani vijana wa reli wanataka ukumbi wa muziki, na mmoja wao alipopita hapa juzi akawaonyesha washonaji kwa mkono mahali hasa jukwaa litakapokaa. Palikuwa ndipo alipoketi Akoth.

Akoth alimwuliza kama huko ukumbini watahitaji magunia. Karani akauliza ya nini.

"Ya kuziba suruali," Akoth akamjibu. "Mkicheza sana zitapasuka."

Nasimiyu naye ana wazo. Amekuwa nalo tangu habari za ujenzi zianze, na amelibeba kama mtu anavyobeba yai. Anataka wakijenga chochote wanachotaka, waache ukanda mmoja wa ardhi kando ya ukuta ule wa zamani. Hapo wawekewe paa la mabati, na mbele ya paa sakafu ya mawe iachwe kama ilivyo, ipigwe na jua. Na bomba moja la maji, kwa ajili ya vumbi linalowakaa kooni.

"Si kitu kikubwa," anasema. "Ukitaka kujua ukubwa wake, ni ukubwa wa sisi kukaa."

Alifika Nakuru mwaka 1949 kutoka Kimilili, akimfuata mume wake, Nicodemus, ambaye ni kibarua wa njia ya reli. Wanaishi katika chumba kimoja cha landi za reli, nyumba za vibarua. Khisa na wadogo zake wawili wako nyumbani kwa bibi yao, kwa sababu chumba hakitoshi na shule ya huko wanaijua. Siku nzuri Nasimiyu hupata shilingi mbili. Siku ya mvua hapati kitu, maana hakuna paa, na gunia bichi halishoniki.

Mikono yake imebadilika. Kidole gumba cha kulia kimeota sugu pale inapokaa sindano, na vidole vingine haviwezi kunyooka kabisa asubuhi hadi avitie kwenye maji ya moto. Kifua chake kina sauti ya mluzi akilala. Anaitaja habari hiyo kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya sabuni.

Ukimwuliza nani alimfundisha kazi, anageuka kwanza. Kisha anaonyesha gunia moja lililotandikwa mwisho wa ukuta, peke yake, limewekewa mawe kwenye pembe zake. Hakuna anayeketi juu yake.

"Pale ni pa Wamaitha," anasema.

Wamaitha alikuwa mshonaji wa kwanza kwenye mawe haya. Ndiye aliyeona kwamba yanafukuza wadudu. Nasimiyu alipokuja mgeni, hajui mtu, anajua Kibukusu na Kiswahili cha kubabaisha, Wamaitha alimwita, akamwonyesha jinsi ya kushika sindano isimchome kiganja, na akamgawia nusu ya magunia yake bila kuulizwa.

Mwaka 1953, miezi ya kwanza ya Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau, Wamaitha alipakiwa kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine wengi wa mjini, akarudishwa kwao, upande wa Fort Hall. Hakupata nafasi ya kuchukua sindano yake. Nasimiyu anayo hadi leo, ameichoma kwenye kitambaa na kuifunga.

Washonaji wana desturi ambayo Wamaitha mwenyewe ndiye aliyeianza. Mtu asipokuja, iwe amejifungua, ameugua au ameenda kuzika, wenzake hutandika gunia mahali pake. Gunia likiwapo, mahali ni pake, hata awe mbali namna gani. Mgeni akitafuta nafasi, huambiwa akae upande mwingine. Gunia likioza kwa jua, hubadilishwa.

La Wamaitha limebadilishwa mara nyingi. Jepkorir, mshonaji aliyekuja miaka miwili iliyopita kutoka upande wa Molo, hajawahi kumwona Wamaitha kwa macho, lakini zamu yake ikifika huweka mawe kwenye pembe kama wengine.

Desturi hiyo ndiyo iliyowatia matatani.

Asubuhi moja kabla ya mvua, walifika wakakuta vigingi. Vilikuwa vimepigwa jana yake jioni, wao wakiwa wameshaondoka. Vigingi safi vyeupe, kila kimoja na kitambaa chake, vimetawanyika uwanja mzima. Hakuna aliyewaambia lolote. Walisimama wakavitazama.

Jepkorir ndiye aliyeuliza kwa nini wamewekewa alama. Na Nasimiyu, anavyosimulia mwenyewe, ndiye aliyejibu.

"Nilisema, tumegawiwa," anasema. "Niliona kitambaa, nikaona alama moja moja, nikafikiri wakubwa wamefanya kama sisi tunavyofanya. Kwamba kila mtu amewekewa mahali pake."

Walifurahi sana siku ile. Akoth alicheza. Kilichowasumbua ni kwamba vigingi havikukaa sawasawa na mahali wanapoketi. Kimoja kilikuwa katikati ya njia, kingine kimepigwa karibu na mtaro. Wakaona aliyevipiga ni mgeni, hajui nani hukaa wapi. Basi wakamsaidia. Waling'oa vigingi kwa uangalifu, bila kupasua hata kimoja, wakavipiga upya kwenye nafasi za mawe kando ya ukuta, kila mmoja mbele ya mwenyewe. Wakatandika magunia yao na kuyafunga kwenye vigingi kwa uzi. Wakafagia.

Kilibaki kigingi kimoja. Hawakubishana kuhusu mwenyewe. Walikipiga mwisho wa ukuta, wakafunga hapo gunia la Wamaitha.

"Nililia," Nasimiyu anasema. "Nilifikiri hata yeye wamemkumbuka."

Mpimaji wa ardhi alikuja kesho yake na vyombo vyake vya miguu mitatu. Washonaji walisimama kumsalimu. Nasimiyu alimshukuru kwa Kiswahili, polepole ili aelewe. Mzungu yule alitazama uwanja mtupu, akatazama vigingi vyake vilivyopangwa mstari ukutani na magunia yamening'inia, akavua kofia na kujifuta uso. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro kwa muda mrefu.

Askari walikuja baadaye. Washonaji walipelekwa ofisini kwa wakubwa wa mji, wakaketi kwenye benchi kutwa nzima. Mkalimani aliwauliza nani aliwatuma kuharibu kazi ya mji, kwa maana wakati huu kila jambo linafikiriwa lina mtu nyuma yake. Wakaulizwa kigingi cha mwisho kilikuwa cha nani, na huyo Wamaitha ni nani, na yuko wapi, na wanawasiliana naye vipi. Nasimiyu aliona swali linakokwenda. Akasema yeye ndiye aliyeanza, wengine walimfuata, na kwamba Wamaitha hajui chochote kuhusu vigingi, yuko kwao.

Waliachiliwa jioni kwa onyo kali. Kazi ya kupima ilianza upya. Nao wakaambiwa wanaweza kukaa uwanjani mpaka ujenzi utakapoanza, kisha waondoke, na wasifikirie kitu kingine.

Ofisa wa ustawi wa jamii, Bwana Kipketer, ndiye aliyekusanya mawazo ya Waafrika kuhusu uwanja huo. Mkutano wake ulifanyika katika ukumbi wa mtaa wa Bondeni, majuma machache baada ya mkasa wa vigingi. Nasimiyu alikuwa ameshachaguliwa na wenzake awasemee. Alivaa gauni lake la kanisani. Njiani alirudia maneno yake kwa sauti ndogo: ukuta, paa, mawe, bomba.

Zamu yake ilipofika akasimama, na kabla hajafungua mdomo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Hawa si ndio waliojigawia mji?"

Ukumbi ukacheka. Si kicheko kibaya sana. Wengi walikuwa wamechoka, wametoka kazini, na walihitaji kitu cha kuchekea. Lakini maneno yote manne ya Nasimiyu yakamtoka kichwani. Alianza kuomba radhi. Akaomba radhi kwa ajili ya vigingi, akaeleza kuhusu magunia na desturi yao, akaomba radhi tena. Alipomaliza aliambiwa ahsante, akaketi. Aliyefuata alizungumza kuhusu ukumbi wa muziki.

Alipokuwa ameshaketi kwenye benchi ndipo alipokumbuka kwamba hakusema wazo lake.

"Nilienda nalo nikarudi nalo," anasema. Anavuta uzi, anaukata kwa meno. "Nicodemus aliniuliza nyumbani, wamesemaje? Nikamwambia nimechoka, nataka kulala."

Kwa siku nyingi hakulitaja. Akoth, ambaye hutania kila kitu, hakumtania kwa hilo.

Jumanne iliyopita Bwana Kipketer alikuja mwenyewe uwanjani. Ni mtu wa makamo, mrefu, mwenye koti la rangi ya kahawia lililochakaa kwenye viwiko. Alisimama karibu na ukuta akitazama gunia lisilo na mtu. Aliuliza kama hilo ndilo lililotajwa ofisini. Nasimiyu akasema ndilo. Akaogopa kwamba mambo yanaanza tena.

Lakini ofisa alisema kwamba pale ukumbini alisubiri amalize kuomba radhi aseme alichokuja kusema, na hakusema. Mawazo yanapelekwa kwa wakubwa baada ya mavuno. Kama analo wazo, alitoe sasa.

Nasimiyu akamweleza. Kipketer akauliza paa lenyewe liwe na ukubwa gani. Akoth akanyoosha mikono, Jepkorir akamwambia hilo ni paa la treni, si la watu. Kila mmoja akaonyesha lake, na hakuna mikono miwili iliyofanana. Ofisa akakuna kichwa.

Kigingi hawathubutu kukigusa tena. Basi Nasimiyu alichukua magunia. Alitandika moja mahali pa Akoth, moja mahali pa Jepkorir, akaendelea hivyo kando ya ukuta, mtu baada ya mtu, mpaka akafika kwenye lile lenye mawe. Kisha akatandika mengine kuzunguka hayo, kuonyesha ukingo wa paa. Upepo ukainua moja na Akoth akalikalia. Walipomaliza, paa lilikuwa limelala chini, la kijivu, na mtu aliweza kulizunguka kwa miguu.

Kipketer alilizunguka. Alisema ni kubwa kuliko alivyotarajia. Alisema wenye magari watataka upande huo pia, na kwamba ombi dogo linaweza kusikilizwa pale ambapo ombi kubwa linatupwa. Kama lingepungua kwa mtu mmoja tu, mwisho wa ukuta pangepatikana njia ya magari kuingilia.

Mwisho wa ukuta ni pale penye gunia la Wamaitha.

Jepkorir alitazama chini. Hata Akoth alianza kusema kitu akakiacha. Lilikuwa jambo rahisi, na kila mmoja aliliona: mtu aliyeondoka miaka mitano, asiyejulikana kama atapewa ruhusa ya kurudi mjini, na watu walio hapa leo wenye watoto.

Nasimiyu aliinama akaliokota gunia lake mwenyewe. Kisha akaanza kuyasogeza yaliyobaki, moja moja, kuelekea upande wa stesheni, hadi la mwisho. Aliondoa mawe kwenye pembe, akalivuta, akayarudisha mawe. Njia ya magari ikapatikana.

"Mimi nitakaa na Akoth," alimwambia ofisa. "Yeye ni mwembamba."

"Mwembamba ni mimi," Akoth akasema. "Na wewe je?"

Ofisa alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Halafu akawa kama mtu anayejuta kucheka. Alisema hawezi kuahidi chochote. Atapeleka wazo pamoja na mengine, bustani na ghorofa na ukumbi, na hajui litakuwa la ngapi.

"Najua, Bwana," Nasimiyu akamwambia. "Sikuomba ahadi. Nilitaka tu ulione."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo hadi leo. Wakubwa hawajaketi. Vigingi vimesimama, na Nasimiyu anavizunguka. Nicodemus amewauliza wenzake wa reli kuhusu mataruma yaliyotolewa njiani, yale mazito ya mti yanayobeba reli, kama yanaweza kupatikana kwa ajili ya nguzo. Amejibiwa kwamba labda. Wangare, dada yake Wamaitha, ambaye alibaki Njoro kwenye shamba la mwajiri wake, alipita sokoni mwezi uliopita akasema dada yake yu hai, amekonda, na watu wa kwao wameanza mmoja mmoja kupewa pasi za kurudi kutafuta kazi. Hakusema lini. Nasimiyu hakumwuliza lini.

Wakikataliwa, atafanya nini? Anasema watatafuta mahali pengine penye mawe, ingawa hajui ni wapi, kwa sababu mji wote sasa unajengwa kwa sementi na kila sementi ina mwenyewe. Wakikubaliwa, kitu cha kwanza atakachofanya siku ya mvua ya kwanza ni kuja kazini. Anataka kukaa chini ya bati asikie mvua inapiga huku anashona. Hajawahi.

Jua linashuka nyuma ya maduka, na mawe yanaanza kupoa. Washonaji wanakunja magunia, wanayafunga mafungu, wanajitwisha. Nasimiyu anabaki nyuma. Gunia la mwisho wa ukuta limeoza tena. Katikati limekuwa wavu. Analitoa, na kutoka kwenye fungu lake anachagua jingine, gumu, karibu jipya, lisilo na kiraka hata kimoja.

"Hilo Velji angelichukua bila kulikagua," Akoth anamwambia.

"Najua."

Analitandika, anaweka mawe kwenye pembe, na kulinyoosha kwa kisigino.